Jina la Biashara Si Alama ya Biashara

Mazungumzo ya leo yanahusu mali isiyowekwa ghalani wala kufungiwa kufuli, nayo ni alama ya bidhaa zenu.

Tuchukue mfano wa mama anayesindika achari ya embe nyumbani kwake. Amesajili jina la biashara na kukitundika cheti ukutani, akiamini kwamba yu salama. Baada ya miaka mitatu achari yake inavuma sokoni. Ndipo anapojitokeza mtu mwingine mwenye lebo kama ile, naye amekwisha kuisajili kuwa alama yake. Mama analazimika kuingia katika shauri la gharama ili athibitishe kuwa ndiye aliyetangulia. Mlaji naye hajui tena ananunua achari ya nani.

Chanzo cha mashaka hayo ni kuchanganya mambo mawili. Usajili wa jina la biashara humtambulisha anayefanya biashara. Alama iliyosajiliwa ndiyo humpa mwenyewe haki ya kumzuia mwingine asiitumie kwa bidhaa za aina hiyo. Tanzania Bara, yote mawili husajiliwa na BRELA, lakini kwa maombi tofauti na chini ya sheria tofauti.

Basi tunawashauri yafuatayo.

Kwanza, chagueni jina la kipekee. Jina kama "Achari Tamu" husifu bidhaa tu, na ni vigumu kulisajili liwe la mtu mmoja.

Pili, ombeni upekuzi BRELA kabla ya kuchapisha lebo, mjue kama alama hiyo ina mwenyewe.

Tatu, wasilisheni maombi mapema. Yakikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Wekeni kumbukumbu ya tarehe hizo.

Nne, usajili wa Bara hauvuki bahari. Anayeuza Unguja na Pemba hana budi kusajili Zanzibar pia, na anayeuza Kenya asajili huko.

Tano, andikianeni mkataba na msanii anayewachorea lebo, ukieleza nani atamiliki mchoro. Michoro hulindwa kwa hakimiliki, inayosimamiwa na COSOTA. Na mwenye uvumbuzi mpya asiuoneshe hadharani kabla ya kuombea hataza.

Kwenu walaji, alama ndiyo ahadi ya mtengenezaji kwenu. Someni lebo kwa makini, dai risiti kila mnunuapo, na mkishuku bidhaa bandia toeni taarifa kwa Tume ya Ushindani.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ada ya usajili ndiyo gharama ya kuziba ufa. Tusingoje kujenga ukuta.