Ukuta Kati ya PP2 na Gredi ya Kwanza



Mzazi wa Loresho, Kangemi au Kibagare akitafuta chekechea ya umma huuliza kwanza kama watoto wanasoma, kisha kama wanaongea Kiingereza. Jioni ya leo nataka kumwongezea swali ambalo naliona zito kuliko hayo: mwalimu wa darasa hili ameajiriwa na nani?

Baada ya uhuru, chekechea nyingi nchini zilijengwa kwa harambee, na mshahara wa mwalimu ukatoka mfukoni mwa mzazi. NACECE, kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo kilichoanzishwa 1984, kilishughulikia mafunzo na mtaala. Mishahara haikuwa kazi yake. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi lakini chekechea ikaachwa nje. Basi wapo wazazi waliopiga hesabu: kwa nini nilipie nasari na darasa la kwanza ni bure? Wakawaweka watoto nyumbani wangoje. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliikabidhi kaunti elimu ya awali. Hapo ua wa shule ukapata wenyewe wawili. Katika shule moja, PP2, yaani mwaka wa pili wa elimu ya awali, na Gredi ya Kwanza zaweza kutenganishwa na ukuta tu, ilhali mwalimu wa upande huu ni wa Kaunti ya Nairobi na wa upande wa pili ni wa Tume ya Huduma kwa Walimu. Malipo ni tofauti, bosi ni tofauti. Choo cha watoto kikiziba, barua iandikiwe ofisi gani?

Kwa hiyo mzazi anayelinganisha shule za umma za pande hizi, iwe Kangemi, Kihumbuini au Farasi Lane, asivutwe na michoro ya ukutani. Aingie darasani ahesabu watoto na walimu. Aulize kama yule mwalimu alikuwapo mwaka jana.

Aulize pia chakula. Tangu 2023, kupitia Dishi na County, mpango wa chakula wa Kaunti ya Nairobi, mtoto hulipia chakula cha mchana shilingi 5 kwa kugusisha bangili yake kwenye kifaa. Kwa mtoto ambaye mama yake hufua nguo katika nyumba za Loresho kwa malipo ya siku, hilo ni jambo kubwa, na wanaolidharau kwa sababu za kisiasa waende wakaone foleni. Ila mchana ni mbali kwa mtoto wa miaka 4 aliyeamka alfajiri. Uji wa saa nne unapikwa na nani, na unga unanunuliwa na nani? Majibu ya maswali hayo yatatofautisha chekechea mbili upesi kuliko daftari za watoto.

Jambo la mwisho aliulize upande wa pili wa ukuta. Mwalimu wa Gredi ya Kwanza, Januari inapofika, amepokea nini kutoka kwa mwenzake wa PP2: maelezo ya kila mtoto, au orodha ya majina tu? Mtaala ni mmoja, na hakuna sheria inayowazuia waajiriwa wa serikali mbili kuketi pamoja kabla ya likizo ya mwisho wa mwaka, wakaongea habari za watoto walewale.