Yule Mtoto wa Katikati

(Maneno ya mwalimu mstaafu kwa maofisa wa vikundi vya kujisaidia, Njoro)



Mmeniomba niseme juu ya watoto wetu walio katika sekondari kubwa za serikali hapa Nakuru. Sitasema juu ya wale wa A. Hao wanajulikana, hata chifu anawajua. Wala sitasema juu ya watundu, kwa maana wazazi wao huitwa shuleni kila mara. Nataka kusema juu ya yule wa katikati. Anakuwa namba 130 kati ya watoto 240. Hatoroki, hapigi kelele. Siku ya wazazi mwalimu anatazama ripoti kwanza, ndipo anamkumbuka.

Si kwamba mwalimu ni mbaya. Mimi nilifundisha hisabati, najua. Tangu mwaka 2018, serikali ilipotaka kila aliyemaliza darasa la nane aingie sekondari, madarasa yalijaa. Ukiwa na madaftari 60 na kila moja ulipe dakika tatu, saa tatu zimekwisha, na bado kuna madarasa mengine. Basi mwalimu anamsukuma yule atakayeiletea shule jina, anamtuliza yule msumbufu, na wa katikati anapita tu.

Na hao ndio wengi! KCSE ya mwaka 2024 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ kwenda juu, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Yaani katika kila watoto wanne, karibu watatu hawakufika. Wakirudi nyumbani tunasema ati wameanguka.

Hebu tuchukue ripoti moja tuihesabu. Siku hizi yanahesabiwa masomo saba: hisabati, lugha moja, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. D ni pointi 3, C ni 6, C+ ni 7. Mtoto ana C katika masomo sita, hiyo ni 36. Hisabati ana D, jumla 39. Hiyo ni C. Ili apate C+ anahitaji 46. Je, ni mlima? Akitoa hisabati kwenye D hadi C, amepata 3. Akipanda hatua moja tu katika masomo mengine manne, amepata 4. Tayari ni 46. Kwa hiyo ukienda shuleni usiulize, “Amekuwa namba ngapi?” Uliza, “Mwalimu, hii D ya hisabati ilianzia wapi?” Mara nyingi utakuta ilianzia kidato cha kwanza, kwenye sehemu na aljebra, na hakuna aliyerudi nyuma naye.

Walioingia gredi ya 10 Januari 2026 wana mpango mwingine, wa njia tatu. Lakini waliofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023 watafanya KCSE mwaka 2027. Hao bado wako kwenye hesabu hii.

Na asiyefika C+? Mwenye C- anaweza kusomea diploma, mwenye D cheti cha ufundi. Rift Valley National Polytechnic iko hapa hapa Nakuru, na ilitokana na harambee ya watu wa Rift Valley miaka ya 1970. Makanisa nayo yaliliona jambo hili mapema. Mwaka 1966 yalitoa ripoti yaliyouliza mtoto akimaliza shule aende wapi, na kutokana nayo zikaja politekniki za vijiji. Wazee hapa wanakumbuka. Fundi wa umeme anayewatengenezea pampu hamkumuuliza alipata gredi gani.

Sasa niseme neno ambalo wengine hawatalipenda. Vikundi vingi hutoa karo kwa yule aliyeongoza tu, tunapiga picha naye, tunafurahi. Lakini huyo ana basari tatu zinazomngojea. Wa C akirudishwa nyumbani kwa karo wiki mbili, hizo wiki mbili ndizo zinazomfanya awe wa D. Mimi naona nusu ya mfuko iwekwe kwa ajili yake, na isitolewe kwa namba bali kwa kupanda: muhula huu pointi 39, muhula ujao 41, alipiwe.

Mjadiliane. Mkutano ujao kila mzazi alete ripoti ya mwanawe, hata ile iliyofichwa chini ya godoro. Mimi nitaleta chaki.