Uchaguzi wa Servo kwa Ndege za Mfano za Sarakasi: Kilo za Kwenye Boksi na Urefu wa Mkono

Mada iliyoombwa na waandaaji ni uchaguzi wa servo kwa ndege za mfano za sarakasi zinazoongozwa kwa redio. Kwa kuwa washiriki wengi ni warushaji na mafundi, maelezo ya msingi yatapitiwa kwa haraka. Servo ni mota ndogo, gia, kipima pembe na saketi ndani ya boksi moja. Hupokea kutoka kwa risiva mapigo ya umeme ya milisekunde 1 hadi 2, na pigo la milisekunde 1.5 huuweka mkono wake katikati. Servo ya analogi huisukuma mota yake mara 50 hivi kwa sekunde. Ya dijitali huisukuma mara nyingi zaidi, kwa hiyo hushika mahali pake kwa uthabiti na hula umeme mwingi. Gia za nailoni ni nyepesi lakini hukatika meno, za chuma hustahimili ila huanza kucheza zikichakaa. Haya yamo katika kila kijitabu cha maelekezo.

Tatizo linalostahili muda wa semina hii ni jingine: karibu kila mnunuzi huchagua servo kwa namba moja, ile ya kilo iliyochapishwa kwenye boksi. Namba hiyo ni nguvu ya kuzungusha ambayo servo huifikia ikiwa imekwama kabisa, kwa volti ya juu inayoruhusiwa. Haisemi lolote kuhusu nguvu inayofika kwenye aileroni au eleveta, kwa sababu kati ya servo na kibao hicho cha kuongozea kuna mkono wa servo, waya wa kusukuma na sikio lililofungwa kwenye kibao. Tuchukue servo ya kilo 10 kwa sentimita, yenye mkono wa sentimita 1.25, ikisukuma sikio la sentimita 2.5. Waya unasukumwa kwa kilo 8, na kwenye bawaba inapatikana nguvu ya kilo 20 kwa sentimita. Sasa tuchukue servo ya kilo 20, ghali kuliko ile, yenye mkono wa sentimita 2.5 na sikio la sentimita 1.25. Waya unasukumwa kwa kilo 8 zilezile, lakini kwenye bawaba zinafika 10 tu. Aliyelipia nguvu maradufu amepata nusu, na hakuna duka wala kiwanda cha kulaumiwa.

Hasara haiishii kwenye nguvu. Ikiwa gia zinacheza kwa nusu nyuzi, katika mpango wa kwanza kibao kitacheza kwa robo nyuzi, katika wa pili kwa nyuzi nzima. Kibao kinachocheza kwa kasi kubwa hewani kinaweza kuanza kutetemeka, na mtetemo huo huweza kung'oa bawaba kabla mrushaji hajapunguza mafuta. Kisha kuna suala la hatua. Mrushaji wa sarakasi za usahihi, kama zile za daraja la F3A la shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, ambalo ndege yake haizidi mita 2 kwa urefu wala kwa upana wa mabawa, huhitaji aileroni zipinde kwa nyuzi chache sana. Kwa mpango wa kwanza, servo ikizunguka nyuzi 45, kibao hupinda karibu nyuzi 20. Kwa mpango wa pili, nyuzi 20 hizo zinapatikana servo ikizunguka nyuzi 10 tu. Mrushaji hulazimika kubana mwendo ndani ya rimoti, na rimoti yenye hatua 2048 inabaki na zisizofika 500 za kufanyia kazi. Ni kama kununua rula ndefu kisha kuikata na kubakiza kipande cha mwisho. Halafu ndege ikiyumba katika mzunguko wa polepole, lawama inaangukia servo.

Hoja ya kwanza ya kupinga mkono mfupi ni kwamba sarakasi za kisasa zinataka vibao vipinde nyuzi 45 au zaidi, hivyo mkono mrefu haukwepeki. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo servo nyingi zinaweza kupangwa zizunguke nyuzi 60 kila upande, na hapo mkono wa sentimita 2 unapinda sikio la karibu sentimita 2.5 kwa nyuzi 45 kamili. Sikio linabaki refu kuliko mkono. Wengi hurefusha mkono kabla hawajaumaliza mwendo walionao. Hoja ya pili ni kasi: mkono mfupi huchelewesha kibao. Hili lakubalika bila ubishi. Servo ya sekunde 0.12 kwa nyuzi 60 itachukua sekunde 0.09 kukamilisha nyuzi 45 za mpango wa kwanza, wakati ya mkono mrefu itamaliza nyuzi zake 10 kwa sekunde 0.02, zote zikiwa hazijabeba mzigo. Jibu ni kwamba fedha zinazotumika kununua kilo zisizohitajika zingenunua kasi.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu zaidi kuing'oa: nguvu ya ziada ni usalama. Ingekuwa hivyo kama umeme ungekuwa wa bure. Servo yenye nguvu kubwa ikikwama huvuta ampea kadhaa peke yake, na ndege ya sarakasi ina servo nne au zaidi. Zikivuta kwa pamoja kutoka kwenye kipunguza volti kidogo, volti huporomoka, risiva huzimika na kuwaka upya, na ndege hukaa bila mwenyewe kwa muda huo. Nguvu iliyokusudiwa kuilinda ndege inakuwa chanzo cha kuiangusha. Ni kweli kwamba mzigo wa hewa hauchezewi: kasi ya ndege ikiongezeka maradufu, nguvu inayotakiwa kwenye bawaba huongezeka mara nne, na kibao kipana maradufu kutoka bawaba hadi ukingo wa nyuma huitaka mara nne pia. Ndege kubwa zenye eleveta pana zinahitaji servo kubwa. Lakini hesabu hiyo ifanywe kwenye bawaba, si dukani.

Kwa hiyo inapendekezwa, bila mapendekezo haya kuchukuliwa kuwa kanuni ya klabu yoyote, kwamba mrushaji aanze na nyuzi anazohitaji kwenye kila kibao, apange mkono na sikio ili servo itumie mwendo wake wote, ndipo atafute kilo. Inapendekezwa mkono uwe mfupi kadiri nyuzi zinavyoruhusu na sikio refu kadiri nafasi inavyoruhusu. Kubana mwendo ndani ya rimoti kuwe marekebisho ya mwisho, si ya kwanza. Servo zikaguliwe kwa kidole, mkono ukitikiswa taratibu umeme ukiwa umewashwa, na inayocheza ihamishiwe kwenye kazi nyepesi kama ya kabureta. Kabla ya kufunga betri ya seli mbili za lipo, ambayo ikijaa hufika volti 8.4, mnunuzi asome kama servo inaruhusu volti hizo, maana nyingi zinazouzwa kwa mafunzo ya roboti zimetengenezwa kwa volti 6. Kipunguza volti kipimwe servo zote zikiwa zinatembea kwa pamoja na kubeba mzigo. Na wakaguzi wa klabu, kabla ya kuuliza servo ni ya kilo ngapi, wapime kwa rula mkono na sikio la kila kibao, wakiandika vipimo vyote viwili katika fomu ya ukaguzi, ambayo kwa sasa haina hata nafasi ya kuviandika.