Maji Mafu Si Mauti: Askari na Usemi wa Raia



Kusini ya Kisimayu, katika pwani ya Somalia, uko mji mdogo wa Burgao, ambao Waingereza waliuita Port Durnford. Kati ya miji hiyo miwili vimetanda visiwa vya Wabajuni: Koyama, Chovae, Chula na vinginevyo. Hadi mwaka 1925 pwani hiyo ilikuwa chini ya Uingereza pamoja na Kenya. Mwaka huo Jubaland ikakabidhiwa kwa Italia, na mpaka ukapita katikati ya watu wa lugha moja. Wavuvi wa Kiunga na wavuvi wa Burgao wakajikuta chini ya serikali mbili, lakini ulimi wao ukabaki mmoja.

Pwani kama hiyo humfundisha askari jambo lisilofundishwa katika gwaride: kwamba kuyasikia maneno ya raia si sawa na kuuelewa usemi wake. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka huo, na Septemba 2012 yakaingia Kisimayu pamoja na wenzao wa Somalia. Hapo Kiswahili cha kambini kilikutana na Kiswahili cha visiwani. Wote wawili, askari na mvuvi, wangeweza kusema kwa haki kwamba wanajua Kiswahili. Je, hiyo ilitosha?

Matamshi ndiyo yatangulie. Mahali ambapo Kiswahili sanifu kina t, Mbajuni mara nyingi hutamka ch. Watikuu, ambalo ni jina jingine la watu hao, husikika Wachikuu. Watu husikika wachu. Na tatu husikika chachu. Basi nahodha akiulizwa ni mashua ngapi zinazomfuata, akajibu "chachu", askari wa bara hudhani anafanyiwa dhihaka, maana kwake yeye chachu ni kitu cha kuumulia unga. Huko Lamu nako, "ndoo" ni njoo. Kuruta aliyeitwa kwa neno hilo, akakimbia kuleta chombo cha kutekea maji, hakuasi amri. Aliitii kama alivyoisikia.

Kosa la matamshi hugunduliwa upesi, na watu wakacheka. Kosa la misemo ni la hatari zaidi, kwa sababu kila neno linajulikana, ila maana ya jumla imejificha. Watu wa bahari huzigawa siku za mwezi kwa maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; hayo ni bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana; hayo huitwa maji mafu. Mvuvi akihojiwa alikuwa wapi usiku fulani, akasema, "Hatukutoka, maji yalikuwa mafu," mhoji asiyejua bahari atasikia habari ya kifo na kuanza kutafuta maiti. Mhoji ajuaye atatambua kwamba ameelezwa jambo linaloweza kupimwa: siku hizo mashua nzito huweza kukosa kina cha kuvuka mwamba. Atatazama tarehe, atahesabu umri wa mwezi, na atajua kama mtu huyo amesema kweli au amesema uongo. Msemo mmoja ulioeleweka umefanya kazi ya shahidi.

Jambo hili si la Burgao peke yake. Katika vituo vya polisi vya Afrika Mashariki nzima, raia huja na usemi wa nyumbani. Akieleza kwamba fulani aliwavunja mbavu usiku kucha, yawezekana hakuna aliyeumia. Watu walichekeshwa tu. Kijana akilalamika kwamba tangu asubuhi amepigwa mizinga mitatu, hapana haja ya kukimbilia ghala la silaha. Watu watatu wamemwomba fedha, naye hana. Mwandishi wa maelezo anayeyanakili maneno hayo bila kuuliza maana yake huweza kumfikisha mtu mahakamani kwa sababu ya kicheko.

Mzaha nao una sheria zake. Katika Tanzania, utani baina ya makabila umewaruhusu watu kuambiana maneno makali, hata msibani, bila mtu kukasirika. Na mtani anayekasirika ndiye anayeonekana amekosa adabu. Maneno yale yale yakisemwa na asiye mtani huwa matusi. Hivyo hukumu ya mzaha haimo katika neno. Imo katika uhusiano wa wasemao, mahali waliposimama, na sauti iliyotumika. Askari aliyefika kijijini jana hana utani na mtu. Akikuta wazee wakitishana kuuana juu ya bao, na asikilize kwanza kabla ya kushika pingu.

Lakini usemi wa watu ukiisha kujulikana, huzuka kosa la pili: kuufanya ulimi kuwa hati ya kusafiria. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wengi walikimbia kwa mashua hadi Kenya, na baadaye wengine wakafika Ulaya. Huko Uingereza sauti za waomba hifadhi zilirekodiwa na kuchunguzwa, ili ijulikane kama usemi wao ni wa visiwani au ni wa Kenya. Mwaka 2010 baraza la rufaa la huko lilipima ushahidi wa namna hiyo katika shauri la mtu aliyedai kuwa Mbajuni. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika rufaa ya watu wengine wawili waliosema wametoka Somalia, ilitoa tahadhari kwamba ripoti ya lugha isipewe heshima isiyohojiwa, na mtaalamu asivuke mipaka ya ujuzi wake.

Tahadhari hiyo inamfaa pia askari wa kizuizini. Mtoto wa Koyama aliyekulia Mombasa atasema kama watoto wa Mombasa. Mtu mwenye hofu, akisimama mbele ya bunduki, huacha usemi wa kwao na kujaribu usemi wa yule anayemhoji, kwa kutaka aeleweke. Utani humtoka, misemo humtoka, hubaki na maneno machache makavu. Mhoji akiyapima maneno hayo peke yake, ameipima hofu, hakuipima asili. Na kwa kuwa lugha ya Kiunga na ya Burgao ni moja, hakuna neno liwezalo kumwambia kwa hakika ni upande upi wa mpaka mtu huyo alizaliwa.

Neno afande lenyewe lilitoka katika efendi ya Kituruki, likapita katika majeshi ya Misri na Sudan, na leo husemwa kambini kana kwamba lilizaliwa huko. Jeshi basi linajua kujifunza maneno ya wengine. Linalotakiwa ni kujifunza pia jinsi ya kuwasikiliza: kumwacha raia aseme kwa namna yake, kumwuliza "Kwenu maana yake nini?", na kuandika jibu hilo pamoja na neno lenyewe. Kuuliza si ujinga. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa mwenye silaha, kujikwaa sikio ni kubaya zaidi, kwa maana risasi iliyotoka kwa neno lisiloeleweka hairudishwi kwa kuomba radhi.