Mwili ni Amana: Hotuba juu ya Saratani ya Matiti



Mwili wa mwanadamu si milki yake. Ni amana aliyokabidhiwa na Mola wake, naye ataulizwa jinsi alivyoitunza. Kwa hiyo haifai maradhi ya akina mama yanong'onwe jikoni tu mpaka ifike siku ya msiba. Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote duniani. Mwaka 2022 iligunduliwa kwa wanawake wapatao 2,300,000, na wapatao 670,000 walifariki kwayo.

Matabibu wamethibitisha kwamba zipo desturi zinazopunguza hatari hiyo. Ya kwanza ni kunyonyesha. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002, yaliyokusanywa katika tafiti 47 za nchi 30, yalionyesha kwamba hatari hupungua kwa kadiri ya 4.3 kwa mia kwa kila miezi 12 ya kunyonyesha. Waislamu si wageni wa jambo hili, maana Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Basi mume ampunguziaye mkewe kazi na kumpatia chakula bora wakati huo, huhifadhi afya za watu wawili.

Ya pili ni kujiepusha na pombe, ambayo hata ikiwa kidogo huzidisha hatari. Ya tatu ni kuuzoeza mwili kazi na kuuzuia usinenepe kupita kiasi; kwani baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili hutengeneza homoni ya estrojeni, nayo huweza kuchochea saratani. Bibi aliyeshika jembe tangu alfajiri hakuhitaji kuhimizwa atembee. Mjukuu wake aketiye dukani mchana kutwa, chai ya sukari nyingi na sambusa zikiwa mbele yake, anahitaji. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa juma, kwamfaa sana.

Hata hivyo, asitokee mtu wa kumlaumu mgonjwa. Karibu nusu ya wanaougua hawana sababu ijulikanayo ila kuwa wanawake na kuzidi umri. Kwa hiyo mwenye kuona uvimbe, ngozi iliyobonyea, au chuchu iliyoingia ndani au kutoa damu, na aende hospitali upesi. Katika Uganda ipo Taasisi ya Saratani, iliyoanzishwa Mulago, Kampala, mwaka 1967.

Haya ni pambo la muumini. Lakini haya imzuiayo mama kumwonyesha tabibu uvimbe wake si ile iliyoamrishwa, kwani sheria imeruhusu matibabu penye dharura. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mama asifiche, na mume asimcheleweshe.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa na awahifadhi wazima. Amin.