Mwenye Kisukari Hahitaji Chungu Chake


Mwenye kisukari hahitaji kupikiwa chungu cha peke yake. Ugali wa familia ni wake pia. Kinachobadilika ni kipimo. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au mboga nyingine za majani. Robo iwe maharage, dagaa au samaki. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi. Dona ni bora kuliko sembe.

Hata hivyo, anayetumia insulini asishinde na njaa. Akitetemeka, akitokwa jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka mno: kama anaweza kumeza, apewe upesi maji yenye sukari, kisha afikishwe kituo cha afya.

Siku ya ushauri wa lishe, mgonjwa aende pamoja na ampikiaye.