Jeraha la Ncha ya Kidole: Okoa Ukucha Siku ya Kwanza

(Maneno ya afisa wa kliniki kwa mafundi wa jua kali na wafanyabiashara wa soko)



Leo nataka tuzungumze kuhusu kitu kidogo ambacho wengi hukipuuza mpaka kiwaharibie kazi: ukucha.

Hivi majuzi nilimwona mama mmoja, fundi wa kushona nguo. Miezi minane iliyopita mlango wa gari ulimbana kidole. Ukucha ukabaki ukining'inia. Akaung'oa mwenyewe, akamwagia mafuta ya taa, akafunga kitambaa na kurudi kwenye cherehani. Kidonda kilipona, lakini ukucha uliota umepasuka katikati. Sasa kila akishika kitambaa chepesi, unanasa nyuzi. Wateja wanalalamika. Alikuja kuuliza dawa ya kupaka, ikanibidi nimwambie ukweli kwamba dawa ya kupaka haiwezi kuondoa kovu lile.

Sababu ni hii. Ukucha hutengenezwa na shina lililojificha chini ya ngozi, pale ukucha unapoanzia. Kutoka hapo husonga mbele juu ya nyama laini, na chini ya nyama hiyo kuna mfupa. Shina likipata kovu, ukucha unaweza kuota na ufa. Nyama ya chini ikipata kovu, ukucha haushiki vizuri, unainuka. Mfupa wa ncha ukikatika na kupotea, ukucha unaweza kujipinda kama ndoana.

Basi ukiumia, fanya hivi:

1. Vua pete mapema, kabla kidole hakijavimba.
2. Osha kwa maji safi yanayotiririka. Usitie petroli, mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno.
3. Funika kwa kitambaa safi, bana damu ikome, na inua mkono juu.
4. Usiung'oe ukucha unaoning'inia. Ukiwa umetoka wote, uje nao. Mara nyingine tunausafisha na kuurudisha ufunike nyama inapopona.
5. Kipande cha kidole kikikatika, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha weka mfuko huo ndani ya maji yenye barafu. Barafu isiguse kipande chenyewe.
6. Fika kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ukahitaji kushonwa, kupigwa eksirei, na kuchomwa chanjo ya pepopunda.

Damu ikikusanyika chini ya ukucha na kidole kikakupwita, usitoboe nyumbani kwa sindano wala waya wa moto. Njoo mapema tuitoe kwa njia safi.

Baada ya hapo, kuwa na subira. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo huchukua kama miezi 6 kuota wote. Ukianza kuota na mawimbi, usikate tamaa. Unaweza kunyooka kadiri unavyokua. Lakini ukiota wote na bado una ufa, rudi tukuelekeze kwa daktari wa upasuaji. Kovu linaweza kurekebishwa, ila si rahisi kama kushona vizuri siku ya kwanza.

Tena, alama ya damu husogea mbele pamoja na ukucha. Ukiona doa jeusi lisilosogea, au mstari mweusi mpya unaopanuka, usidhani ni jeraha la zamani. Uje upimwe, kwa kuwa mara chache huwa ni saratani.

Na nyumbani, kabla ya kufunga mlango, angalia vidole vya mtoto viko wapi.

Yule mama tumempeleka kwa daktari wa upasuaji, naye anasubiri zamu yake. Aliniambia, "Daktari, ningejua, ningefunga duka siku moja tu." Siku hiyo moja ndiyo ninayowaomba.